Kivuli cha Mheshimiwa na Miti ya Vestina

Aliyeahidiwa kivuli asikate mti wake.

Mmemsikia jirani yangu, bibi yenu Salome, akimwambia Jeska hivyo leo asubuhi, pale Jeska alipokuja kutangaza kwamba amechaguliwa chuo na kwamba mjomba wake wa Makambako amesema atamlipia kila kitu. Jeska akanuna. Ninyi wengine mkacheka. Sasa mmekuja kwangu mnauliza msemo huo umetoka wapi, kwa kuwa mmeambiwa mwenyewe ni mimi. Haya, sogeeni motoni. Fungeni na mlango, ukungu unaingia. Viazi vikiiva mtakula.

Msemo huu hatukuachiwa na wahenga. Mzizi wake uko hapa hapa Igomolo, siku ya Jumamosi, tarehe kumi na saba Oktoba, siku ya mahafali ya kidato cha nne. Hiyo ndiyo siku kila kitu kilipoharibika. Nasi, kwa kutojua, tulikuwa tunapiga vigelegele.

Lakini nianze nyuma kidogo, mjue kilichoharibika ni nini.

Vestina alipozaliwa, mke wangu Esteria alitoka uzazini na neno moja: mtoto huyu atasoma mpaka chuo. Mimi niliishia darasa la nne, yeye hakufika hata hapo. Nikamwuliza chuo kinalipwa na nini. Akanyoosha kidole kwenye mteremko ule wa nyuma ya nyumba, ambao wakati huo ulikuwa nyasi tupu.

"Na ule," akasema.

Watu wenye mshahara huweka akiba yao benki. Sisi tuliiweka mteremkoni. Tulipanda mipaini msimu ule ule wa mvua, Esteria akiwa na mtoto mgongoni, mimi nikichimba mashimo. Tulipomaliza akachukua kamba, akaugawa mteremko. Sehemu ya juu, kando ya barabara, akaiita Mwaka wa Kwanza. Katikati akaiita Mwaka wa Pili. Kule chini karibu na kijito, kwenye udongo mnono, akasema huko ndiko Mwaka wa Tatu, maana miti ya mwisho kukatwa ndiyo ipewe mahali pazuri. Na ile pembe yenye mawe, ambako mti hauwezi kunyooka hata ukiuomba, akaiita Godoro, kwa sababu mtoto haendi chuo bila godoro.

Basi ndivyo tulivyokuwa tunaongea nyumbani kwangu. "Baba Vesti, kesho tunapogolea Mwaka wa Pili." "Mbuzi wa Luvanda wameingia kwenye Godoro." Mgeni akitusikia alidhani tumechanganyikiwa. Luvanda mwenyewe alikuwa akinitania, "Kaduma, wenzako wanalala kwenye godoro, wewe unalifukuzia mbuzi."

Mtoto na miti wakakua pamoja. Mwanzoni Vestina alikuwa anairuka. Kuna msimu mmoja tu walikuwa kimo kimoja, yeye na miti yake, akawa anasimama katikati yake anajificha tusimwone. Halafu miti ikampita na haikumngoja tena. Kila kiangazi tulifyeka barabara ya moto kuzunguka mteremko, sote, hata yeye na kapanga kake, maana huku kwetu mtu mmoja akichoma shamba lake ovyo anaweza kuteketeza chuo cha mtoto wa mwenzake kwa alasiri moja. Hatukuunguza hata mti. Nataka mlijue hilo. Moto tuliushinda, mbuzi tuliwashinda.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi.

Mgeni rasmi alikuwa diwani wetu wa wakati ule, Mheshimiwa Mbwilo. Mtu mnene, mcheshi, sauti yake haikuhitaji kipaza sauti lakini alikishika hivyo hivyo. Vestina alikuwa wa kwanza darasani. Mkuu wa shule alipomwita mbele akasema, "Mheshimiwa, huyu binti wazazi wake ni wakulima wa kawaida, lakini wamempandia msitu mzima kwa ajili ya chuo. Uone watu wetu wanavyojipanga."

Mheshimiwa akainuka. Akanitafuta kwa macho, akaniita nisimame. Nikasimama na koti langu la baridi.

"Mzee Kaduma," akasema, "nakupongeza. Lakini ile miti iache, ile sasa ni ya uzee wako wewe na mama. Kuanzia leo wewe umo kwenye kivuli changu. Binti huyu nitamdhamini mimi, mpaka amalize chuo."

Mkisikia watu wanasema uwanja ulitetemeka, ule ulitetemeka. Kina mama wakamtunza Mheshimiwa kwa kanga. Mwalimu wa nidhamu, mtu asiyecheka, alicheka. Mimi nililia, na sioni aibu kusema. Nilifikiri serikali imeniona.

Tukarudi nyumbani na msafara wa watu wanaimba. Esteria alitembea kimya. Nikamwuliza, "Mama Vesti, mbona hufurahi?"

"Nimefurahi," akasema. "Lakini kivuli cha mtu si kama cha mti. Mtu akiondoka, anaondoka nacho."

Nikamwambia anachuma dhambi kumshuku mtu aliyesema mbele ya kanisa na msikiti. Tulipofika akapitia kwanza mteremkoni kabla ya kuingia ndani, akaipapasa miti ile ya kando ya barabara kama mtu anayehesabu watoto wake usiku.

Vestina akaenda kidato cha tano, shule ya bweni. Na mwaka haukuisha, Esteria akaanza kuumwa tumbo. Mwanzo tulidhani ni vidonda. Halafu tumbo likavimba. Zahanati ikatupeleka hospitali ya wilaya, ya wilaya ikasema huu ni uvimbe, nendeni hospitali kubwa, na haraka. Hospitali kubwa iko mbali, na haraka ina nauli yake.

Nikakaa na Esteria hapa hapa mlipokaa ninyi. Nikamwambia nakata miti.

"Miti gani?"

"Kwani tuna mingine?"

"Ile ni ya mtoto. Mimi ni mtu mzima."

"Mtoto ana mdhamini," nikasema. "Ulimsikia Mheshimiwa. Alisema miti ni yetu, mimi na wewe. Sasa tusipoitumia leo tutaitumia lini?"

"Amelipa nini mpaka leo?"

"Chuo bado. Atalipa chuo kikifika."

"Baba Vesti," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayechagua maneno kwa sababu pumzi ni chache, "aliyeahidiwa kivuli asikate mti wake. Angoje kwanza jua liwake, akione hicho kivuli."

Ndio huo. Hapo ndipo ulipozaliwa, kinywani mwa mwanamke ambaye hakumaliza darasa la pili, akiwa amelala kwenye mkeka, mkono juu ya tumbo. Salome alikuwepo, amekuja kumletea uji. Yeye ndiye aliyeubeba akautoa nje.

Nami nikamjibu, "Mheshimiwa alisema mbele ya watu."

"Alisema."

"Basi?"

"Basi alisema."

Asubuhi yake nikaita watu wa chenso, ule msumeno wa mashine.

Mnunuzi alipoiona akabinya midomo. Akasema miti hii bado, ikiachwa kidogo tu ingekuwa mbao za kweli, sasa inafaa mirunda na mbao nyembamba za kupinda. Mjue mpaini unanenepa miaka ya mwishoni. Ukiukata mapema unamdhulumu aliyeupanda. Lakini mtu mwenye mgonjwa hana mdomo wa kubishana bei. Nikasema kata.

Chenso ikaanza kulia kule juu kando ya barabara. Esteria alikuwa ndani, kitanda chake kiko upande wa mteremko.

"Huo ni mwaka wa ngapi?" akaniuliza.

"Ni Godoro, mama. Tunaanza na Godoro."

Akasikiliza. Mti ukaanguka, ardhi ikasema.

"Godoro lina mawe," akasema. "Mti wa Godoro ukianguka unagonga. Huo umeanguka kwenye udongo."

Nikatoka nje kwa watu wa chenso.

Mwaka wa Kwanza ulitupeleka hospitali kubwa na ukatulaza huko. Tukarudi na dawa, na tarehe ya kwenda tena. Mwaka wa Pili ukaturudisha kule. Sikumficha tena. Chenso ikilia namwambia, "Mwaka wa Pili, mama," naye anafumba macho mpaka inyamaze.

Ni siku hizo za Mwaka wa Pili ndipo Mheshimiwa alipopita. Barabara inapita juu pale, mnaijua. Gari likasimama, kioo kikashuka.

"Kamwene, mzee Kaduma."

"Kamwene, Mheshimiwa."

"Naona kazi inaendelea. Mama anaendeleaje?"

"Anaumwa. Ndiyo tunakata hii kwa ajili yake. Tunakushukuru, bila wewe tusingethubutu kuigusa."

Hayo nilimwambia kwa mdomo wangu huu. Luvanda alikuwepo, ameshika kamba ya mti, atawaambia. Mheshimiwa akatazama mteremko, ule uwazi uliokuwa umeanza kuonekana. Akatazama kitambo. Mimi nikadhani anasikitika.

"Pole sana," akasema. "Mungu atamsaidia. Sikia, mkifika kule chini kwenye miti minene, nikatieni nguzo za uzio. Nitatuma kijana na trekta."

Kioo kikapanda.

Nikamkatia. Nguzo nzuri, kutoka Mwaka wa Tatu, karibu na kijito. Sikumdai kitu. Nani anamdai mdhamini wa mwanawe? Uzio ule upo mpaka leo, mkipita kwenda mnadani mnauona upande wa kushoto, ameupaka rangi nyeupe.

Esteria alifariki kabla hatujarudi hospitali mara ya tatu. Miti iliyobaki ya Mwaka wa Tatu ilitoa jeneza na chakula cha waombolezaji. Mbao zilikuwa mbichi. Seremala akaniambia zinahitaji kukauka, nikamwambia aliyekufa hangoji mbao. Siku ya maziko jeneza lilikuwa linatoa utomvu pembeni, nikawa naufuta kwa leso, unatoka tena. Harufu ya paini mbichi watu wengi wanaipenda. Mimi ikinifikia natoka nje.

Mheshimiwa alikuja msibani. Alisema maneno mazuri. Alimshika Vestina bega akasema, "Binti, soma. Tuko pamoja."

Vestina akasoma. Alifanya mtihani wa kidato cha sita akiwa amevaa kitambaa cheusi cha mama yake, akafaulu, akachaguliwa chuo kusomea uhandisi wa maji, kwa sababu alikuwa amechoka kuona bomba la kijiji linatoa upepo. Wenzake waliokuwa hawana mtu waliomba mkopo wa serikali. Sisi hatukuomba. Tulisema, mwenye mdhamini akaombe mkopo wa nini, awaachie wasio na mtu. Maombi yakafungwa. Barua ya chuo ikasema njooni na ada.

Tukaenda ofisi ya kata, mimi na Vestina. Nilivaa lile koti. Mheshimiwa alikuwepo pamoja na mtendaji wa kata, wanakunywa chai.

"Karibu mzee, karibu binti. Nasikia umetutoa kimasomaso."

Nikasema, "Mheshimiwa, tumekuja. Chuo kimefika."

"Vizuri sana. Leteni sasa."

"Tulete nini?"

"Fomu ya mkopo. Pale pa mdhamini nitie saini. Si nilisema nitamdhamini? Mimi nikisema nimesema."

Nilidhani anatania. Nikacheka kidogo, cheko la adabu. Yeye hakucheka.

"Mheshimiwa, hatukuomba mkopo," nikasema. "Wewe ndiye ulisema utamsomesha."

Akaweka kikombe chini. "Mzee Kaduma, mimi sikusema nitamsomesha. Nilisema nitamdhamini. Kudhamini ni kusimama nyuma ya mtu. Mtu akiwa mahabusu, ndugu yake si anakwenda kumdhamini? Analipa nini pale? Anatia saini."

"Kwani mwanangu yuko mahabusu?"

Mtendaji akapaliwa na chai. Kijana msomi yule, ana cheti ukutani. Akajifuta akasema, "Mzee wangu, Kiswahili ni kipana. Hata timu za mpira zinadhaminiwa na zinalipiwa, ni kweli. Lakini na dhamana nayo ni kudhamini. Neno moja, matumizi mawili. Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake."

Wajukuu zangu, hapo ndipo nilipojua mtu asiye na shule anaibiwa na nini. Aibiwe ng'ombe, atafuata kwato. Mimi niliibiwa kwa neno ninalolijua, neno ninalolitumia, na aliyeniibia akanifundisha maana yake palepale, bure.

"Mwaka ujao mkiomba," akasema Mheshimiwa, "mlango uko wazi. Nitasaini hata usiku."

Nikainuka. Lakini Vestina hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi, mikono magotini, kama mama yake.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema. Alikuwa ameshaamkia alipoingia, ameamkia tena.

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ulipopita ukamkuta baba anakata miti. Baba alikwambia anaikata kwa sababu yako. Alikushukuru."

"Nakumbuka alikuwa anakata."

"Ulikuwa unajua ile ni miti ya chuo. Mkuu wa shule alisema ukiwepo. Na wewe mwenyewe ulimwambia baba aiache, ni ya uzee wake."

"Binti..."

"Sibishani na maana ya neno, Mheshimiwa. Huenda sisi tulisikia vibaya. Nauliza siku ile tu. Siku ile ulikuwa unaijua maana yako. Kwa nini ulishusha kioo ukaomba nguzo, hukushusha kioo ukasema, mzee, simama, hatukuelewana?"

Mtendaji akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. Mheshimiwa akatazama saa yake, akasema ana kikao. Akachukua ufunguo wa gari. Pale mlangoni akageuka, nikafikiri sasa anajibu.

"Poleni na msiba," akasema. Akaondoka nacho kivuli chake.

Mtaniambia, babu, mwaka uliofuata si angeomba mkopo? Angeomba. Na wadogo zake wawili, Yoramu na anayemfuata, waliokuwa shule ya msingi, nani angewapikia? Mama hayupo, mimi kiuno kimeshakufa kwa kuburuta magogo. Vestina akasema nitangoja mwaka mmoja. Mwaka wa kungoja hauna kamba ya kuupima. Leo ana duka lake la stesheneri pale stendi, anawajazia watoto wa watu maombi ya chuo na ya mkopo. Jeska, ndiye atakayekujazia na wewe. Ukifika kwenye swali la nani atakulipia, utamwona anasimamisha mkono, anakutazama. Usimkasirikie. Mjibu ukweli, na mkopo uombe, mjomba awepo asiwepo. Mjomba wako sina ugomvi naye, huenda ni mti kweli. Akilipa, mshukuru. Lakini kile kishamba mama yako alichokwambia anakiuza kwa kuwa sasa mjomba yupo, mwambie asubiri. Jua halijawaka.

Bomba la kijiji mnalijua. Bado linatoa upepo.

Mteremko niliuacha. Imebaki ile mipaini iliyopinda ya Godoro, hakuna aliyeitaka. Jioni nyingine Vestina akija kunisalimu anapanda kule, anakaa juu ya jiwe. Simwulizi anafikiri nini.

Na msemo wenyewe umesafiri. Nimeusikia mnadani, nimeusikia kanisani padri akihubiri juu ya busara. Kila anayeusema anautikisia kichwa kana kwamba aliyekosa ni mmoja tu, yule mwenye shoka, mwenye mke kitandani. Siwalaumu. Esteria aliutoa kwa ajili yangu, na ni wa kweli. Lakini nimeugeuza huku na huku miaka yote hii nikiwa peke yangu kwenye moto huu, na naona ni nusu. Kuna nusu nyingine haijasemwa, na mwenye kuisema alikwenda kwenye kikao.

Epueni viazi, vimeiva.

Aliyeahidiwa kivuli asikate mti wake. Tumesikia. Na yule aliyekiahidi, akaliona shoka linaingia mtini, akapita: yeye asifanye nini?